Ndengu za Ng'ambo ya Ua

Jumamosi, tarehe moja Februari. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, tukadhani labda. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeyafukuza yote, na mchana kutwa upepo umekuwa ukibeba vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria.

Naandika nikiwa bado na mshtuko, na sijui kama hiyo ni hali nzuri ya kuandikia. Mimi nilisoma hadi darasa la nane tu, na mambo ninayotaka kuyaweka hapa yana wenyewe waliosomea. Lakini nisipoyaandika leo, nitaanza kuyapunguza makosa yangu na kuyaongeza ya wengine. Najijua.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi, kamati ya kanisa letu ilikaa kuamua kama binti yangu ataendelea kufundisha darasa la vijana au atanyang'anywa. Mimi ni mmoja wa hiyo kamati. Na nilikuwa nimeahidi, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba nitakuwa wa kwanza kusema anyang'anywe.

Binti yangu ni mwalimu wa bayolojia huko Kitui mjini. Amepanga chumba huko, na huja nyumbani Ijumaa. Jumapili baada ya ibada hukaa na vijana nyuma ya kanisa. Amefanya hivyo miaka minne bila kulipwa hata soda. Vijana wanampenda kwa sababu hawafokei. Wawili kati yao anawafundisha pia shuleni, na kumbe taabu ilianzia hapo. Kabla ya Krismasi mmoja alimwuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, shuleni unatuambia viumbe vilitokana na viumbe vingine, vikabadilika polepole. Hapa unatuambia Mungu aliumba kila kitu. Tukuamini siku gani?"

Yeye akajibu, na haya nimeyapata kwake na kwa vijana watatu, wote wakakubaliana: "Niaminini siku zote mbili. Biblia inaniambia ni nani. Shamba linanionyesha ni kwa namna gani."

Hayo tu. Lakini neno likitoka hapa kwetu, likifika sokoni Kanyangi limeshaota mkia. Nilisikia nikinunua chumvi kwamba binti yangu amewaambia watoto wa watu kuwa susu zao, yaani nyanya zao, walikuwa nyani. Mwanamke aliyenisimulia hakujua kwamba mimi ndiye mama. Nikalipa chumvi, nikaenda.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati alikuja nyumbani. Yeye ni fundi seremala, na alikuwa anatuletea kigoda chetu alichokitia mguu mpya. Nataka nimweke vizuri mtu huyu. Si mtu wa fitina. Mama mkwe wangu alipofariki, alimtengenezea jeneza, akakataa kuchukua pesa ya mbao. Akakalia kile kigoda, akanywa chai, kisha akaniuliza:

"Mama mwalimu, hiki nimekalia, ukikikuta porini utasema kimeota?"

"Hapana."

"Utasema nini?"

"Nitasema kuna fundi alipita akakisahau."

"Na hiki ni kigoda tu. Hakioni, hakizai, hakinyonyeshi. Sasa jicho la huyo mbuzi wako," akamwonyesha kwa kikombe, "jicho lenye kufunguka na kufumba na kukuona wewe ukimletea majani, ati hilo ndilo lilijiunda lenyewe polepole?"

Sikuwa na jibu, na mpaka saa hii sina. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani fundi alikuwa anaongea upuzi. Hakuwa.

"Binti yako ni mtoto mzuri," akasema. "Lakini hao vijana wataenda na nusu ya maneno. Ile nusu ya pili wataiacha kanisani pamoja na viti. Ukianza wewe kuongea Alhamisi, hakuna atakayesema tunamwonea. Akianza mtu mwingine, itakuwa vita. Wewe sema tu apumzike."

Neno hilo, apumzike, lilinifaa. Lilionekana kama kitanda. Nikasema, "Nitaanza mimi."

Kwa nini nilikubali? Nimejiuliza sana. Nusu ni kwamba nilimwamini, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kufikiri ndege na nyoka wana ukoo. Nusu nyingine, na labda ni zaidi ya nusu, niliogopa kuambiwa mtoto wangu amenishinda. Binti yangu sikumwuliza. Simu ninayo na siku hiyo ilikuwa na salio.

Jumanne ilikuwa zamu ya jirani yangu kusaidiwa. Sisi wanawake tuna mwethya wetu, tunazunguka shamba kwa shamba. Leo tunalima kwa huyu, kesho tunapura kwa yule. Siku hiyo ilikuwa kupura ndengu zake, na nilienda roho ikiwa nzito, kwa sababu zangu hazikuwa na cha kupura.

Mvua ilitukatikia kabla ya katikati ya Desemba. Wakati ilipokatika, ndengu zangu zilikuwa bado zinatoa maua. Maua yakaanguka, na maganda machache yaliyobaki ukiyakamua kwa kidole yanasikika kama karatasi. Ng'ambo ya ua wa mikonge, mahali ambapo ninaweza kupiga gumzo na jirani yangu bila kupaza sauti, zake zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, zimekauka, zinangoja mkono. Udongo ni ule ule. Mvua ni ile ile. Tulipanda wiki moja. Na haukuwa msimu wa kwanza. Ni wa tatu nikiona hivyo.

Nikiri hapa kwamba nilikuwa nimewaza mabaya. Niliwaza labda kuna dhambi nyumbani kwangu. Siku moja, si zaidi ya moja, niliwaza labda jirani ana kitu amekifukia kwenye mpaka. Nilitubu jioni hiyo hiyo. Lakini niliwaza.

Basi tukapura mpaka jua likatushinda. Tukakaa kwenye kivuli cha nyumba yake, tukinywa uji. Nikachukua ndengu kwenye kiganja. Zilikuwa ndogo, za kijani kilichofifia, zina kitone cheupe pembeni. Nilizijua, kama unavyoijua sauti ya mtu kabla hujakumbuka jina lake.

"Hii mbegu ulitoa wapi?" nikamwuliza.

Jirani yangu ni mtu wa mzaha. Aliweka kikombe chini, akaniangalia kama mtu anayechunguza kama anafanyiwa mchezo.

"Wewe mama, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Mbegu ni yako."

"Yangu ya wapi? Mimi sijakupa mbegu."

"Hukunipa mimi. Ulimpa Mungu, na mimi nikamnunulia." Wanawake wakacheka. "Ile malimbuko yako ya kila mwaka. Unaileta kanisani, inapigwa mnada, kuna mtu mwingine ulishaona akiinua mkono? Ni mimi. Ulidhani nanunua kwa sababu ya utakatifu wako?"

Mwingine akasema, "Na mimi nilidhani anapenda pasta amtaje," wakacheka tena. Mimi miaka yote nilidhani anazipika.

Fimbo ya kupuria ilikuwa bado mapajani mwangu. Sikumbuki kuiweka chini. Nakumbuka tu nikiwa nimekaa mchangani, si kwenye gunia nilikokuwa, na jirani yangu ameacha kucheka.

"Si ulikuwa unajua?" akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Mimi nilinunua miaka ile miwili ya kwanza, nikapanda, nikaona zinakomaa mapema. Tangu hapo hizo za kwanza kuiva ndizo ninaweka mbegu, na zako nazinunua za kuongezea. Si ni mama mkwe wako alinifundisha? Nilidhani wewe unazo nyingi ndiyo maana unatoa."

Hapa lazima nirudi nyuma, na nitajaribu kutomfanya marehemu kuwa mtakatifu.

Mimi nilizaliwa upande wa Makueni, karibu na Kibwezi. Baba yangu alikuwa na kipande kando ya mto, na tulikuwa na mfereji. Ndengu zikichelewa, unafungua maji. Hatukuhesabu siku. Nilipoolewa huku Kitui nilimkuta mama mkwe aliyehesabu siku za mvua kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Ndengu zake zilichumwa mara tatu, kwa sababu haziivi pamoja. Za mchumo wa kwanza alizitia majivu, akazifunga kwenye kibuyu juu ya moshi wa jiko, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata kukiwa na njaa. Hizo zilikuwa za kupanda. Za mchumo wa pili tulikula na kuuza. Za tatu zilikuwa za yeyote apendaye.

Hakunieleza kwa nini. Labda alinieleza na sikusikiliza, siwezi kuapa. Alikuwa mkali, alinisema mbele ya wageni kuhusu ugali wangu, na mimi nilikuwa nimechoka kufundishwa.

Kisha nikaokoka. Tulifundishwa kuhusu malimbuko, kwamba cha kwanza cha shamba ni cha Bwana. Sikupenda kufanya nusu. Wengine walipeleka kikombe, wengine kilo. Mimi nilipeleka mchumo wa kwanza wote. Mama mkwe alinikuta nikishusha kibuyu.

"Hizo ni za shamba," akasema.

"Mwaitu, sasa ni za Mungu," nikamjibu, kwa heshima, nikimwita mama kama ilivyo desturi.

"Mungu hakosi mbegu. Sisi ndio tunakosa."

Niliona ni maneno ya mtu ambaye hajaokoka. Nikamwombea. Alikaa miaka miwili zaidi, akafa, na hatukuzungumza tena kuhusu ndengu. Tangu siku hiyo mchumo wa kwanza ulienda kanisani. Mimea iliyotangulia kukauka tuliing'oa tukawapa mbuzi. Mbegu nikatoa kwenye zile zilizobakia mwisho, na nikajiona nina busara, kwa sababu hazikupotea bure. Nimefanya hivyo miaka kumi na zaidi, misimu miwili kila mwaka.

Nilirudi nyumbani Jumanne mchana nikiwa na kiganja kimoja cha ndengu za jirani. Nikakiweka juu ya ungo, kando ya kiganja kimoja cha mbegu zangu nilizobakiza. Ukiziangalia ni mtu na ndugu yake. Zangu ni kubwa kidogo, zinang'aa, nzuri zaidi kwa macho. Zote zilitoka kibuyu kimoja. Kumbe nilikuwa nimezitenganisha mimi, kila mavuno, huku nikiimba.

Mzee wangu akaja, akaangalia ungo, akauliza ni uaguzi gani huu. Nikamweleza. Akasema, "Mama alikuwa anakuambia." Hakusema tena. Ingekuwa afadhali angefoka.

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya ua, binti yangu akafika ingawa haikuwa siku yake. Alikuwa amesikia kuhusu kikao. Alikuwa bado na chaki kwenye mkono wa blauzi. Kabla hajaketi nikamwonyesha ungo na kumsimulia yote, haraka haraka, kama mtoto anayetaka kupigwa mapema yaishe.

Akapiga magoti kwenye ungo. Akazichambua kwa kidole muda mrefu.

"Mwaitu," akasema, "kwenye kibuyu cha susu zilikuwa zimechanganyika, za haraka na za polepole. Hukuumba kitu. Ulichagua tu. Kila mwaka ulizitoa za haraka, za polepole zikabaki kuzaa. Na ng'ambo kukawa kinyume."

"Mimi sikuchagua. Mimi nilitoa sadaka."

"Ndiyo. Ulichagua bila kujua unachagua. Hiyo ndiyo mimi hufundisha, na watoto hawanielewi. Hakuhitajiki mtu wa kupanga. Inatosha kwamba hizi zinabaki na zile zinaondoka."

"Lakini susu yako alipanga. Alijua anachotaka."

Akafikiri. Nampenda kwa hilo, huwa anafikiri. "Susu alipanga, ndiyo."

"Basi kuna ndengu za mwenye kupanga na ndengu za asiyepanga, na zote ziko kwenye huu ungo. Sasa nimwambie fundi nini?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Na bado ni ndengu," nikasema. Sikutaka kumwachia upesi. "Hazijakuwa kunde."

"Ni miaka kumi tu, mwaitu. Sasa fikiria milioni."

"Milioni sijui kuifikiria. Mimi naweza kufikiria mpaka Krismasi."

Akacheka, na kicheko chake kikanivunja, kwa sababu alikuwa bado hajui. Nikamwambia. Nilisema, "Kesho ni mimi wa kwanza kuongea. Nilimwahidi mwenyekiti nitasema upumzike."

Alikuwa na ndengu kati ya vidole. Akazirudisha kwenye ungo, moja moja, kila moja upande wake.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Nilidhani ni yeye ananipiga vita," akasema. "Njia nzima nimekuwa nikijiuliza nani atanisimamia, na wewe sikukuhesabu hata, kwa sababu wewe nilijua."

Hakulia. Aliinuka akaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Sikulala vizuri, lakini hilo si la kuandika.

Alhamisi tulikaa ndani ya kanisa, watu saba na pasta. Binti yangu hakuruhusiwa kuwa ndani. Alikuwa amekwenda kazini. Mwenyekiti akaomba, akaeleza jambo kwa haki, hata ile habari ya nyani akasema ni uvumi, hakuna aliyeisikia ikisemwa. Kisha akanigeukia. "Mama mwalimu ameomba kuanza."

Sikuwa nimeomba, lakini sikumsahihisha.

Nilikuwa nimebeba viganja viwili vya ndengu kwenye mifuko miwili ya karatasi. Nikamwaga juu ya meza ya sadaka, na hapo tu nikasikia mtu akivuta pumzi, kwa sababu hatuweki vitu hovyo kwenye meza ile. Nikaomba msamaha lakini sikuziondoa. Nikasimulia. Nilisimulia vibaya, nikarudia mwanzo mara mbili, nikasahau mbuzi, nikawarudisha. Nilipofika kwa malimbuko nikaona nyuso zinabadilika.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Unatuambia sadaka ndiyo iliharibu shamba lako?"

"Hapana, fundi. Sadaka ilifika salama, ikazaa vizuri sana kwa jirani. Ni mkono wangu. Nilitoa mbegu zote za haraka na sikujua, kwa sababu aliyejua aliponiambia nilimwona mpagani."

"Wengine walitoa kikombe," mzee mmoja akasema. "Nani alikuambia utoe zote?"

"Hakuna. Nilitaka kuonekana."

Hilo sikuwa nimelipanga. Sijawahi kulisema hata kwa mzee wangu. Likatoka, likakaa pale kwenye meza pamoja na ndengu, na nikajishangaa mimi mwenyewe kuliko walivyonishangaa wao. Miaka kumi na zaidi nilidhani nilikuwa nampenda Mungu tu.

Nikaendelea, kwa sababu nikikaa ningelia. "Mwenyekiti alinionyesha kigoda, akaniambia kigoda hakijiundi. Ni kweli, na sina jibu. Kama mtu na mbuzi na samaki ni hadithi moja na hizi ndengu, mimi sijui. Sikusoma mpaka huko. Labda ziko hadithi mbili. Lakini binti yangu aliwaambia vijana shamba linaonyesha namna. Mimi nimesimama juu ya hiyo namna tangu nilipookoka, nikiifanya kwa mikono hii, na sikuiona. Yeye aliiona akiwa amekaa darasani. Kwa hiyo hakudanganya mtoto wa mtu. Mwenyekiti, nilikuahidi nitasema apumzike. Siwezi. Nisamehe nimekuvunjia ahadi mbele ya watu."

Nikaketi.

Bati lililia juu yetu kwa joto. Mwenyekiti alivuta kiganja cha ndengu za jirani, akakitazama karibu na macho, kama anavyotazama mbao kutafuta ufa. Akavuta na changu. Nilingoja aniambie nimefanya kanisa kuwa soko la mbegu.

"Bado ni ndengu," akasema.

"Nilimwambia hivyo hivyo," nikajibu.

"Akasema?"

"Akasema milioni."

Akatikisa kichwa, na sikujua ni cha kukataa au cha kuchoka. "Mimi siamini milioni," akasema. "Na hata sasa naona hii haitoshi kunipeleka kwa jicho la mbuzi. Lakini sikujua hili pia." Akazisukuma kidogo kwa kidole. "Haya. Tuseme amepumzika. Nani atachukua darasa?"

Mzee aliyeniuliza kuhusu kikombe akaangalia viatu vyake. Mama wa kwaya akasema Jumapili ana mazoezi. Pasta akakohoa.

"Hao vijana wanauliza maswali magumu," mmoja akasema, na watu wakacheka kidogo, wakaona aibu, wakaacha.

"Basi ataendelea," mwenyekiti akasema. "Nami nitakuwa nakaa nyuma pale nisikilize. Nikiona amepotoka nitauliza swali kama wengine. Kuna anayepinga?"

Mikono miwili ilipinga. Nitawaandika kwa heshima. Walisema wanaogopa kwa ajili ya watoto wao, na mimi pia nimekuwa na hofu hiyo. Wengine wakakubali, ikaisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchagua rangi ya vitambaa vya kwaya.

Sasa sijui. Labda maneno yangu yalisaidia. Labda hakuna aliyetaka kazi, na ningeweza kukaa kimya nikabaki na heshima yangu, na darasa lingebaki kwake vile vile. Nimeligeuza jambo hili siku mbili na kila upande lina uzito. Mzee wangu anasema ninamchimbia kaburi mtu mwenye afya.

Jana binti yangu alikuja, siku yake ya kawaida. Nilikuwa nimeshamwandikia kwa simu kwamba darasa ni lake. Alijibu neno moja, "Asante," bila lile neno "mwaitu" analoongezaga. Alipofika alinisalimu vizuri. Alinisaidia na kuni. Lakini alinisaidia kama mgeni anavyosaidia, akiuliza kila kitu kinawekwa wapi, katika jiko alilokulia.

Leo asubuhi nilimkuta nje na daftari la shule. Alikuwa anaandika. Nikamwuliza anaandika nini.

"Kesho," akasema. "Kama fundi atakuwa amekaa nyuma, lazima nijiandae."

"Unaogopa?"

"Kidogo." Akafunga daftari. "Ulisema kweli pale, kwamba ulitaka kuonekana?"

Nikashtuka kwamba yamefika kwake, ingawa si ajabu. Tuko saba tu na kila mmoja ana simu.

"Ni kweli."

"Nikiwa mdogo," akasema, "nilikuwa nafurahi sana wakikutangaza. Kibuyu kizima. Nilikuwa nageuka nyuma kuangalia kama watoto wengine wamesikia." Akapangusa vumbi kwenye jalada la daftari. "Kwa hiyo hata mimi."

Nilitaka kumwambia yeye hapana, mtoto hana kosa. Sikumwambia. Nilimwomba msamaha wa Jumatatu, kwa maneno ya wazi, kwamba ningempigia simu kwanza na sikumpigia. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sitamwandikia hilo kwa niaba yake. Lakini alinisogezea nafasi kwenye kile kigoda, na ni kidogo, ikabidi tukae tumegusana.

Baadaye aliniuliza kama anaweza kuitumia hadithi yangu kesho, darasani, fundi akisikia. Nikasema itumie, ila usiseme ni mtu mwingine. Sema ni mama yako. Akaniangalia sana.

Jioni alipika yeye. Tulikula ugali na majani ya malenge yaliyotiwa maziwa, na mayai mawili tuliyogawana watu watatu. Mzee wangu akasema chumvi imezidi, akaongezewa ugali, akamaliza.